Mapenzi ni Utani

Chukua hadithi kumi za mapenzi zilizoandikwa na vijana wa rika letu, uzisome mfululizo. Utakuta msichana analia na mvulana anahutubia. Katika nyingine mvulana ndiye anayelia, basi msichana naye anapata zamu ya kuhutubia. Mmoja anamwaga aya nzima juu ya moyo wake, mwenzake anajibu, "Hata mimi nakupenda," kisha wanaachana, wanarudiana, au mmoja anagongwa na gari. Hakuna anayemchekesha mwenzake. Hakuna anayemkatiza. Mimi nikifika mwisho najiuliza: hawa watu wawili wakishamaliza kulia, watakaa pamoja wakiongea nini?

Swali hilo ndilo linalonirudisha kila mara kwenye sinema fulani za zamani za Marekani. Ni vichekesho vilivyotengenezwa Hollywood kuanzia mwaka 1934 hadi miaka ya mwanzo ya 1940, karibu vyote picha zisizo na rangi. Wenyewe wanaviita screwball. Neno hilo limetoka kwenye mchezo wa besiboli: ni mpira unaorushwa ukapinda upande ambao mpigaji hakuutarajia. Mtaani kwao ni jina la mtu ambaye kichwani hajatimia vizuri.

Muundo wake ni rahisi kuueleza. Kuna mwanamume na mwanamke. Mmoja ana fedha, mwenzake hana. Au mmoja ana akili timamu, mwenzake ana chui. Wanakutana, wanagombana, wanakimbizana, wanazungumza kwa kasi ya mnadani, na mwisho wanaoana. Wakati mwingine walikwisha kuoana na kuachana kabla picha haijaanza, kwa hiyo wanaoana mara ya pili. Basi. Hakuna jambazi wa kupigwa ngumi, na stelingi haokoi mtu kwenye jengo linaloungua.

Mwenzangu mmoja katika kikundi chetu cha uandishi aliniuliza, "Sasa picha za Wazungu wa kabla ya vita zinatuhusu nini?" Makala haya ni jibu langu kwake.

UTANI, SIYO NGONJERA

Kiswahili kina neno ambalo lingewafaa sana Wamarekani hawa. Neno lenyewe ni utani. Tunalijua wote. Mjukuu na babu, Mnyamwezi na Mzaramo, shemeji na shemeji. Hata Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi. Mtani anakuja msibani kwako anakusema mbele za watu, na wewe hukasiriki, kwa sababu unajua zamu yako itafika. Sharti la utani ni moja tu: anayetaniwa awe na haki ya kujibu. Ukimtania mtu asiyeweza kukujibu, huo siyo utani tena. Ni uonevu.

Sasa linganisha na ngonjera. Ngonjera, kama tulivyoipokea kutoka kwa marehemu Mathias Mnyampala, ni majibizano ya kishairi ambamo kwa kawaida upande mmoja umepotoka na upande wa pili unaujua ukweli. Wanabishana ubeti kwa ubeti mpaka aliyepotoka anakubali. Kwa kazi yake ni fani nzuri. Tatizo ni kwamba tumeihamishia kwenye mapenzi bila kujijua. Katika hadithi zetu kuna mpenzi mwenye busara na mpenzi wa kufundishwa. Msomaji anajua tangu ukurasa wa pili nani atashinda.

Katika vichekesho vya screwball wote wawili wamepotoka, na wote wawili wana mdomo. Wapenzi ni watani. Hilo ndilo somo, na yanayofuata ni ushahidi wake.

UKUTA WA BLANKETI

Tuanze na It Happened One Night ya mwaka 1934, iliyoongozwa na Frank Capra. Claudette Colbert ni Ellie, binti wa tajiri. Baba yake hakubaliani na ndoa yake, kwa hiyo anaruka kutoka kwenye boti ya kifahari ya mzee huko Miami, anaogelea hadi nchi kavu, anapanda basi la usiku kwenda New York. Ndani ya basi anakutana na Peter, ripota aliyetoka kufukuzwa kazi, ambaye ni Clark Gable. Peter anataka habari ya kuuza gazetini, Ellie anataka kufika. Wakikosa fedha wanalazimika kulala chumba kimoja. Peter anafunga kamba katikati, anaanika blanketi, na ukuta huo anaupa jina la kuta za Yeriko.

Asubuhi wapelelezi wa baba wanabisha hodi. Hapo, bila kupanga, Peter na Ellie wanaanza kugombana kama mke na mume waliochokana. Mume anafoka, mke anapiga kelele na kulia, na mwenye nyumba anawalaumu wapelelezi kwa kuwasumbua watu na ndoa yao. We fikiria: kilichowathibitishia wale jamaa kwamba hawa ni mke na mume siyo pete wala busu. Ni ugomvi! Na wapelelezi wakishaondoka, wale wawili wanacheka. Kumbe wanaweza kucheza pamoja. Mapenzi yameanzia hapo, na hakuna aliyeyataja.

Baadaye Peter anajigamba kwamba yeye ni bingwa wa kusimamisha magari kwa kidole gumba. Anaeleza mbinu tatu, kama mwalimu ubaoni. Magari yanapita tu. Ellie anasogea barabarani, anapandisha sketi hadi juu ya goti, gari la kwanza linafunga breki. Mtani amejibu. Picha ile ilinyakua Oscar zote tano kubwa: picha, mwongozaji, mwigizaji wa kiume, mwigizaji wa kike na mswada. Ilikuwa ya kwanza kufanya hivyo.

Miezi michache baadaye, mwaka huo huo wa 1934, ofisi ya Joseph Breen ilianza kusimamia kwa ukali kanuni za maadili ambazo Hollywood ilikuwa imejiandikia mwaka 1930. Kitanda kikaondoka, busu likapimwa, mzinzi akatakiwa aadhibiwe. Mlango wa chumba ulipofungwa, waandishi walibaki na mdomo tu. Basi wakauhamishia mdomoni moto wote. Simsifu mdhibiti, maana kanuni zile zile zilikataza hata mapenzi kati ya mweupe na mweusi. Ninachosema ni kwamba mwandishi anayelalamika kuwa mhariri amemfutia kurasa za kitandani aangalie jamaa hawa walifanya nini bila kitanda.

Na tusisahau wakati wenyewe. Mwaka 1933 karibu robo ya wafanyakazi wa Marekani hawakuwa na kazi. Katika My Man Godfrey ya mwaka 1936, iliyoongozwa na Gregory La Cava, matajiri wanashindana kukusanya vitu visivyotakiwa na mtu, na kimojawapo ni binadamu: mtu aliyesahauliwa, wa kuokotwa jalalani kando ya mto. Godfrey anapelekwa hotelini kuonyeshwa kama kombe, na akiwa pale pale jukwaani anawaambia matajiri wale anavyowaona. Mzaha wa picha hizi una njaa nyuma yake. Kweli, mwisho wa Godfrey ni mwepesi mno, kwa sababu tunaambiwa kumbe naye ametoka ukoo wa kitajiri. Lakini ile dakika ya jalalani haifutiki.

HILDY ALIKUWA MWANAMUME

Kama una nafasi ya kuangalia moja tu, angalia His Girl Friday ya mwaka 1940, iliyoongozwa na Howard Hawks. Asili yake ni tamthilia The Front Page ya mwaka 1928, ya Ben Hecht na Charles MacArthur. Humo mhariri mlaghai anamzuia ripota wake bora, Hildy Johnson, asiache kazi akaoe. Katika tamthilia Hildy ni mwanamume. Hawks akamgeuza mwanamke, tena mtalaka wa mhariri. Tazama kilichotokea: mabishano yaliyokuwa ya kazi tu sasa yana kitanda ndani yake, na mabishano ya mapenzi yana kazi ndani yake.

Hildy, yaani Rosalind Russell, anaingia ofisini kumwambia mtalaka wake Walter, yaani Cary Grant, kwamba kesho anaolewa na muuza bima. Walter hasemi "usiolewe, nakupenda." Anampa habari. Kuna mtu wa kunyongwa asubuhi, wanasiasa wa mji wanamtaka afe kwa ajili ya kura, na hakuna ripota mwingine anayeweza kuiandika vizuri. Huo ndio wito wake wa mapenzi: nakujua kazi yako. Muuza bima ni mtu mwema, ana adabu, anampenda mama yake. Lakini hana jibu. Hildy akirusha neno, linaanguka sakafuni.

Kuhusu ufundi, sikilizeni wenzangu. Waigizaji wa Hawks wanakatizana, lakini hatupotezi kitu. Siri aliieleza mwenyewe: sentensi ziliongezewa maneno yasiyo na uzito mwanzoni na mwishoni, ili mwingine akipanda juu yake kiini kisipotee. Si ndivyo tunavyoongea? "Yaani unajua bwana, mimi kesho siji, ndiyo hivyo." Habari yenyewe ni "kesho siji." Yaliyobaki ni nafasi ya mwenzako kuingilia. Sisi tukiandika tunayafuta kwa kuogopa mwalimu wa insha, halafu wahusika wetu wanaongea kama wanasoma risala kwa mgeni rasmi.

Na picha hii inajua mpaka wa utani. Katika chumba cha waandishi anaingia Mollie, mwanamke maskini aliyemwonea huruma yule mfungwa, na kwa wema huo magazeti yamemchafua. Maripota wanamtania. Hawezi kuwajibu kwa lugha yao; anaweza kulia tu. Hildy anamtoa nje, na kicheko kinakauka chumbani. Baadaye Mollie anajitupa dirishani mbele ya maripota hao hao. Hiki ni kichekesho, ndugu zangu! Hawks hakuogopa kutuonyesha utani unavyogeuka kuwa jiwe.

Nina kinyongo kimoja. Mwishoni Hildy analia kwa kudhani Walter hamtaki, kisha wanatoka, Walter mbele mikono mitupu, Hildy nyuma na sanduku zito. Mimi hapo huwa nanuna. Mwanamke aliyejibu dakika tisini amenyang'anywa jibu la mwisho.

MASTAA NA SAUTI ZAO

Tukizungumza juu ya mastaa huwa tunaanza na sura. Hapa tuanze na koo. Cary Grant alizaliwa Bristol, Uingereza, akafanya sarakasi akiwa kijana kabla ya kuigiza, na matamshi yake si ya Uingereza wala si ya Marekani. Ni mzuri wa sura kupita kiasi, na kazi yake yote katika vichekesho hivi ni kuidhalilisha sura hiyo. Katika Bringing Up Baby ya mwaka 1938 ni mtaalamu wa mifupa ya kale anayengoja mfupa mmoja ili akamilishe sanamu la mnyama wake. Anakutana na Susan, yaani Katharine Hepburn, mwenye chui anayeitwa Baby. Mbwa anauiba mfupa, anakwenda kuufukia. Profesa anaishia kuvaa gauni la kulalia la kike, na baadaye kuchimba bustani ya watu. Susan hanyamazi hata sekunde moja, na polepole unaona profesa anaanza kujibu. Mtu aliyekuwa mfupa anapata nyama.

Ajabu ni kwamba picha hii haikufanya vizuri sokoni ilipotoka. Mwaka huo huo wenye majumba ya sinema walitoa tangazo wakiwataja mastaa waliodai ni sumu ya mauzo, na Hepburn alikuwamo. Leo ni watu wachache wanaopenda sinema wasioijua. Anayeandika leo na kukataliwa na mhariri ajue hilo, ila asilitumie kama kisingizio cha kuandika vibaya.

Carole Lombard alikuwa mrembo asiyeogopa kuonekana kituko. Katika Godfrey anaigiza na William Powell, ambaye walikwisha kuoana na kuachana miaka mitatu kabla, na hakuna hata chembe ya uchungu inayoonekana. Alikufa kwenye ajali ya ndege Januari 1942, akiwa na umri wa miaka 33, akirudi kutoka kuuza hati za mkopo wa vita. Picha yake ya mwisho, To Be or Not to Be ya Ernst Lubitsch, inayowafanyia mzaha Wanazi, ilitoka akiwa amekwisha kuzikwa.

Irene Dunne ana silaha nyingine: kicheko kinachobanwa. Katika The Awful Truth ya mwaka 1937, iliyompa mwongozaji Leo McCarey Oscar, yeye na Grant wameshapewa talaka ila haijakamilika mpaka muda maalumu upite, kama eda hivi. Picha nzima ni eda hiyo, kila mmoja akimharibia mwenzake uchumba mpya. Wanagombea hata mbwa mahakamani.

Lakini bingwa wangu ni Barbara Stanwyck katika The Lady Eve ya mwaka 1941, iliyoandikwa na kuongozwa na Preston Sturges. Yeye ni tapeli wa karata melini. Henry Fonda ni mtoto wa tajiri wa pombe, mtaalamu wa nyoka, mwenye haya. Ukumbini kila mwanamke anamtega. Stanwyck amempa mgongo, anawatazama wote kwenye kioo kidogo cha poda, na anatusimulia kila mmoja anafanya nini na kwa nini atashindwa. Kisha Fonda anapita, naye anatoa mguu, jamaa anaanguka chini puu! Mwanamke amekuwa mtazamaji, msimulizi na mwongozaji wa tukio. Mnaosoma mambo ya nafsi za usimulizi darasani, mfano mzuri ndio huo.

PALE UTANI UNAPOKUFA

Sasa niwe mkweli, maana mhakiki anayesifu tu ni wakala wa matangazo.

Kwanza, The Philadelphia Story ya mwaka 1940, ya George Cukor, inasifiwa kuliko karibu zote. Ndiyo iliyomrudisha Hepburn juu na kumpa James Stewart Oscar. Mimi inanikwaza. Tracy anaambiwa na mtalaka wake kwamba yeye ni mgumu kama sanamu. Baba yake, aliyekuwa na mwanamke wa nje, anamwambia kwamba kama angekuwa binti mwenye upendo zaidi, mzee asingehangaika kutafuta ujana kwingine. Na picha inataka tukubali! Maneno yanang'aa, lakini hiyo ni ngonjera: wanaume wanajua, mwanamke anafundishwa, mwisho anashukuru.

Pili, na hili ni zito zaidi, angalia Waafrika-Wamarekani wako wapi katika picha hizi. Wanabeba mizigo, wanafungua milango, wanahudumu kwenye treni. Katika The Palm Beach Story ya mwaka 1942, ya Sturges huyo huyo, wawindaji matajiri walevi wanafyatua bunduki ndani ya behewa, na mhudumu Mweusi anajificha nyuma ya kaunta kwa hofu. Tunatakiwa tucheke hofu yake. Katika Nothing Sacred ya mwaka 1937, iliyoandikwa na Ben Hecht, picha inaanza kwa karamu ya kumtukuza sultani wa Mashariki. Mara mke wake anaingia na watoto na kumtambua: kumbe ni mng'arisha viatu wa mjini. Mke huyo ni Hattie McDaniel, ambaye mwaka 1940 alikuwa Mweusi wa kwanza kupata Oscar. Anapita kwa sekunde chache. Baada ya hapo picha nzima inamhusu tapeli mwingine, msichana mweupe anayejifanya yu karibu kufa, na mji mzima unamlilia. Matapeli wawili. Mmoja anapewa mapenzi na fungate, mwingine anapewa kicheko na mlango.

Hapa kipimo chetu cha utani kinafanya kazi. Hawa wanachekwa lakini hawana zamu ya kujibu. Sisemi tuzitupe picha hizi. Nasema tuziangalie macho mawili: jicho moja lijifunze jinsi Hildy alivyopewa sauti, jicho la pili lione ni nani aliyenyimwa katika chumba hicho hicho. Kisha tujiulize juu ya hadithi zetu wenyewe. Dada wa kazi kwenye riwaya zako anasema nini zaidi ya "Abee, mama"? Konda wako, mlinzi wako, machinga wako, wana hata mstari mmoja wa kumjibu stelingi?

BASI TUANDIKE

Ninachopendekeza ni kazi ya mikono. Chukua mswada wako wa mapenzi, tafuta mahali mhusika mmoja anapoongea mistari zaidi ya mitano bila kukatizwa. Mkatize. Mahali panapoandikwa "nakupenda," futa, halafu wape kitu cha kugombania: kodi ya chumba, zamu ya kupika, mbwa, habari ya gazetini. Uone kama msomaji atajua wanapendana. Kama hajui, kosa haliko kwenye ugomvi. Liko kwenye watu uliowaumba, kwa sababu bado hawajuani.

Picha zenyewe hazina gharama kubwa. My Man Godfrey na His Girl Friday hakimiliki zake zilikwisha Marekani kwa sababu hazikuhuishwa, kwa hiyo mtu anaweza kuzipata bure kwenye intaneti bila kumwibia yeyote. Maneno yanakwenda mbio, hilo nakubali. Mara ya kwanza fuata nyuso, mara ya pili fuata maneno. Ukiziangalia na mwenzako ni bora zaidi, maana mtabishana.

Na ambaye hakubaliani nami juu ya The Philadelphia Story, au anayeona nimeionea ngonjera, kalamu anayo. Aniandikie katika toleo lijalo, anitanie atakavyo. Nitamjibu.